Nani Huchora Mstari? Utangulizi wa Nadharia za Chimbuko la Uhalifu kwa Mifano ya Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inatambulisha nadharia kuu zinazoeleza chimbuko la uhalifu, kisha inazipima kwa mifano ya wilaya ya Kasese na mji wa mpakani wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Hoja yake kuu ni kwamba neno moja, “uhalifu”, limebeba matendo yenye asili tofauti, na kwamba kila nadharia huyafaa baadhi tu ya matendo hayo. Mshauri wa sera anayechagua nadharia kabla ya kubainisha aina ya tendo huwa amekwisha kuchagua adhabu kabla ya kuuona ushahidi. Makala imejengwa juu ya maandiko yaliyochapishwa, sheria na matukio yaliyomo katika kumbukumbu za umma. Mwishoni inapendekeza maswali matatu ya kuulizwa kabla ya nadharia yoyote kutumiwa kuongoza sera.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kasese imekaa kati ya milima ya Rwenzori na maziwa ya Edward na George. Ndani ya eneo hilo mna mambo mengi yaliyobanana: sehemu kubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952, mgodi wa shaba wa Kilembe, ambao uchimbaji wake ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, reli iliyofika mjini Kasese mwaka 1956, machimbo ya chumvi ya Katwe, na kituo cha forodha cha Mpondwe, jirani na mji wa Bwera, ambapo mto Lhubiriha huitenga Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng’ambo ya mto ipo Kasindi. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo wana nasaba moja na lugha zinazosikilizana, na Kiswahili huwaunganisha sokoni na wafanyabiashara wanaotoka mbali zaidi.

Eneo hili limetajwa mara nyingi katika habari za uhalifu. Mnamo Julai 2014 vituo vya polisi na kambi za jeshi zilishambuliwa katika wilaya za Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Mnamo Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku mbili za mapambano yaliyoishia katika jumba la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe, ilivamiwa, na zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, wakauawa. Pamoja na matukio hayo makubwa yapo mengine yasiyofika magazetini: magunia yanayovushwa mtoni bila kulipiwa ushuru, mitego ya wanyama ndani ya hifadhi, ugomvi wa mipaka ya mashamba, na vipigo vya nyumbani vinavyoishia kwenye kifo.

Katika mijadala ya umma, mambo hayo yote huelezwa kwa orodha ile ile ya sababu: umaskini, ukosefu wa ajira, malezi mabovu, pombe, watu wa kutoka nje. Hakuna sababu katika orodha hiyo iliyo ya uongo mtupu. Hata hivyo, sababu inayotajwa kueleza kila jambo haimsaidii mtu anayepaswa kuamua fedha ya bajeti iende wapi: kwa askari wa doria, kwa hakimu, kwa mwalimu, au kwa ofisi ya forodha. Ndiyo maana tunahitaji kurejea kwenye nadharia na kuuliza kila moja ilibuniwa kueleza nini hasa.

2.0 Istilahi: jinai, uhalifu, dhuluma

Kiswahili kinatupa msamiati unaosaidia kufikiri. Neno “jinai” ni la kisheria. Hutenganisha kosa ambalo dola hulishtaki na dai ambalo mtu humdai mwenzake. Neno “uhalifu” limetokana na kitenzi “-halifu”, yaani kwenda kinyume na amri. Kwa hiyo mhalifu hutambuliwa kwa kulinganishwa na amri fulani, na neno lenyewe linatulazimisha kuuliza: amri ya nani, na ilitolewa lini? “Dhuluma”, kwa upande wake, haitazami amri bali madhara: kuna aliyedhulumu na aliyedhulumiwa. “Dhambi” hupimwa mbele ya Mungu, na “kosa” laweza kuwa la bahati mbaya.

Tofauti hizi zina kazi. Mwanamke anayevuka Lhubiriha na debe la maharage bila hati anaweza kuwa ametenda uhalifu pasipo kumdhulumu mtu yeyote anayemjua. Mfugaji aliyehamishwa kwenye malisho ya wazee wake kwa amri halali ya serikali anaweza kuwa amedhulumiwa bila uhalifu wowote kutendeka. Wanasheria wa Ulaya nao tangu zamani wametofautisha tendo lililo ovu kwa asili yake na tendo lililo kosa kwa sababu tu limekatazwa. Nadharia nyingi za uhalifu hazikuizingatia tofauti hiyo, na baadhi ya udhaifu wake unaanzia hapo.

3.0 Nadharia kuu

3.1 Hiari na hesabu ya adhabu

Mwaka 1764 Mtaliano Cesare Beccaria alichapisha kitabu kuhusu makosa na adhabu, ambamo alipinga mateso na hukumu ya kifo. Aliamini kwamba mwanadamu hupima faida na hasara kabla ya kutenda. Kwa hiyo adhabu inayozuia uhalifu ni ile yenye uhakika na inayokuja upesi, wala si lazima iwe kali. Mwaka 1968 mwanauchumi Gary Becker aliifufua fikra hiyo kwa lugha ya hesabu: mtu hutenda kosa pale faida inayotarajiwa inapozidi adhabu inayotarajiwa, ikipimwa pamoja na uwezekano wa kukamatwa. Mkabala huu ndio ulio nyuma ya sheria nyingi zinazoongeza miaka ya kifungo, ingawa fundisho la Beccaria kuhusu uhakika wa adhabu mara nyingi husahauliwa na ukali pekee hubaki.

3.2 Mhalifu wa kuzaliwa

Mwaka 1876 daktari Cesare Lombroso alidai kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, wanaotambulika kwa maumbile ya fuvu na uso. Madai hayo yalishindwa kuthibitishwa, lakini mwangwi wake ulifika Afrika Mashariki. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha kazi ya daktari J. C. Carothers iliyoyaeleza mapambano ya Mau Mau kama tatizo la saikolojia ya Wakikuyu, na kulisukuma pembeni suala la ardhi. Funzo lake lingali na uzito: kabila zima linapoelezwa kuwa lina tabia ya uhalifu, malalamiko yake huondolewa katika siasa na kuwekwa hospitalini au gerezani.

3.3 Shinikizo na mparaganyiko wa jamii

Mfaransa Émile Durkheim, katika kazi zake za miaka ya 1890, alieleza kwamba uhalifu upo katika kila jamii na kwamba huongezeka pale kanuni zinazowaongoza watu zinapolegea, hali aliyoiita anomia. Mmarekani Robert Merton aliiendeleza fikra hiyo mwaka 1938: jamii huwafundisha watu wote kutamani mafanikio yale yale, lakini huwapa baadhi yao tu njia halali za kuyafikia. Kutokana na mwanya huo, wengine hubuni njia zisizo halali. Huko Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay walionyesha mwaka 1942 kwamba baadhi ya mitaa iliendelea kuwa na makosa mengi ya vijana hata wakazi wake walipohama na nafasi zao kuchukuliwa na wengine. Tatizo lilikuwa udhaifu wa taasisi za mtaa, si asili ya wakazi.

3.4 Mafunzo na vifungo

Edwin Sutherland, aliyekamilisha nadharia yake mwaka 1947, alisema uhalifu hufunzwa kama ufundi mwingine wowote, katika makundi ya watu walio karibu. Mswahili husema samaki mmoja akioza, wote huoza. Sutherland ndiye pia aliyewakumbusha wanazuoni kwamba matajiri na wenye vyeo hutenda makosa makubwa yasiyohesabiwa, na hivyo kutia doa dai kwamba umaskini ndio mama wa uhalifu. Gresham Sykes na David Matza waliongeza mwaka 1957 kwamba mkosaji hujifunza pia jinsi ya kujitetea moyoni: kwamba hakuna aliyeumia, au kwamba aliyeumia alistahili. Travis Hirschi aligeuza swali mwaka 1969. Badala ya kuuliza kwa nini watu huhalifu, aliuliza kwa nini wengi hawahalifu, na akajibu kwamba huzuiwa na vifungo vyao kwa wazazi, shule, kazi na imani. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu inakaribia kuukusanya ubishi wote huo katika sentensi moja.

3.5 Jina na mamlaka ya kulitoa

Howard Becker, ambaye hapaswi kuchanganywa na Gary Becker, aliandika mwaka 1963 kwamba ukengeufu haumo ndani ya tendo. Ni jina ambalo wenye uwezo huwabandika wengine. Aliyekwisha kubandikwa jina hufungiwa milango ya kazi na heshima, na mara nyingi huishia kuishi kama jina hilo linavyotaka. John Braithwaite alirekebisha hoja hiyo mwaka 1989: kumwaibisha mkosaji kunaweza kumrekebisha iwapo aibu hiyo inafuatwa na kumpokea tena, na kunaweza kumharibu iwapo inamtenga moja kwa moja.

3.6 Fursa ya tendo

Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza mwaka 1979 kwamba tendo la uhalifu huhitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kulitenda, shabaha inayofaa, na kukosekana kwa mlinzi anayeweza kulizuia. Mlinzi si lazima awe askari. Jirani aliye macho ni mlinzi pia. Nadharia hii haituelezi kwa nini mtu amekuwa tayari kutenda, lakini hutueleza kwa nini ametenda hapa na leo.

4.0 Nadharia zilipopimwa Uganda

Uganda haikubaki mpokeaji tu wa nadharia hizi. Marshall Clinard na Daniel Abbott walichapisha mwaka 1973 utafiti kuhusu uhalifu katika nchi zinazoendelea uliotegemea zaidi data za Kampala. Walilinganisha mitaa miwili ya watu maskini, Kisenyi na Namuwongo. Mitaa hiyo ilifanana kwa umaskini lakini haikulingana kwa uhalifu, na tofauti ilihusiana na mshikamano wa wakazi wake. Umaskini peke yake, basi, haukutosha kuwa jibu.

Mwaka uliofuata, 1974, Tibamanya mwene Mushanga alichapisha utafiti wake wa mauaji katika wilaya za Ankole, Kigezi na Toro za magharibi mwa Uganda. Kazi hiyo inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa eneo la Kasese lilikuwa sehemu ya Toro ya wakati huo. Picha iliyojitokeza haikuwa ya muuaji mgeni aviziaye gizani. Wauaji na waliouawa walikuwa kwa kawaida watu waliofahamiana: ndugu, wanandoa, majirani, wanywaji wa chungu kimoja. Marvin Wolfgang alikuwa amekwisha kuonyesha jambo la namna hiyo huko Philadelphia mwaka 1958. Kwa kazi hizo mbili za miaka ya 1970, msomaji wa Uganda alikuwa tayari na onyo kwamba makosa mawili yaliyo katika kifungu kimoja cha sheria yaweza kuwa na asili mbili.

5.0 Aina tatu za uhalifu Kasese na Bwera

5.1 Uhalifu wa mstari: magendo na hifadhi

Mpaka wa sasa wa Rwenzori ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910. Kabla ya hapo, kupeleka chumvi ya Katwe magharibi na kurudi na bidhaa nyingine kulikuwa biashara. Baada ya hapo, biashara hiyo hiyo ilihitaji ruhusa. Neno la Kiswahili “magendo” lilienea Uganda nzima katika miaka ya 1970, hata kwa wasiozungumza Kiswahili, kwa sababu uchumi halali ulikuwa umeporomoka na sehemu kubwa ya maisha ilikuwa imehamia upande wa pili wa mstari. Serikali ya Idi Amin iliunda mahakama maalumu za makosa ya uchumi kwa amri ya mwaka 1975. Upande wa Kongo, kitabu kilichohaririwa na Janet MacGaffey mwaka 1991 kilionyesha jinsi wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini walivyojenga uchumi mzima nje ya hesabu za serikali ya Zaire.

Mstari huo husogea. Tanzania ilipiga vita uhujumu uchumi mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikawakamata watu waliokutwa na shehena za bidhaa. Mwaka uliofuata ikaanza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Uganda iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1990, na biashara iliyokuwa ya kujificha ikawekewa kibao mlangoni. Hakuna nadharia ya malezi, ya maumbile wala ya marafiki wabaya inayoweza kueleza kwa nini watu wale wale waliacha kuwa wahalifu. Kilichobadilika ni sheria.

Hifadhi inatoa mfano wa pili wa aina hii. Kutangazwa kwake kuligeuza uwindaji, ukataji kuni na malisho ndani ya mipaka yake kuwa makosa, huku vijiji vya wavuvi kama Katwe na Hamukungu vikibaki ndani. Mnamo Aprili 2018 simba 11, wakiwamo watoto, walikutwa wamekufa karibu na Hamukungu, na sumu ikashukiwa. Kwa sheria, hilo ni kosa zito, na kwa uchumi wa utalii ni hasara kubwa. Lakini mahali ambapo simba hula ng’ombe na mwenye ng’ombe halipwi chochote, utetezi wa moyoni walioueleza Sykes na Matza haukosi kupatikana: nimelinda mali yangu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilichukua njia mbili kwa pamoja. Ilikaza adhabu, hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kutoweka. Na ikaweka utaratibu wa fidia kwa wanaodhuriwa na wanyama. Njia ya kwanza ni ya Gary Becker. Ya pili inakubali kwamba mstari wenyewe ulikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo ililipwa na watu wachache. Fidia isipomfikia mfugaji, sheria hiyo itakuwa imebaki na mguu mmoja.

5.2 Uhalifu wa karibu: nyumba, pombe na ardhi

Aina ya pili ni ile aliyoichunguza Mushanga. Hapa mstari hauna ubishi: Mkonzo, Msongora, Mnande na dola wote wanakubaliana kwamba kumuua ndugu ni uovu. Swali ni kwa nini uovu unaojulikana kuwa uovu hutendeka. Hesabu ya faida na hasara haisaidii sana, kwani mtu aliyeshika panga katikati ya ugomvi wa ulevi hapigi hesabu ya miaka ya kifungo. Vifungo vya Hirschi navyo vina utata, kwa sababu waliofungamana zaidi ndio wanaouana. Kinachosaidia ni kutazama mahali ambapo ugomvi ungeweza kusimamishwa mapema.

Ardhi ni mfano dhahiri. Miteremko ya Rwenzori ina watu wengi na mashamba madogo, na tambarare imebanwa na hifadhi, mashamba ya umwagiliaji na malisho. Wafugaji Wasongora waliporudi kutoka upande wa Virunga mwaka 2006, mgogoro kati yao na wakulima ulihitaji serikali kuu iingilie na kugawa ardhi. Migogoro midogo ya aina hiyo, ya ndugu wawili na mpaka wa shamba la marehemu baba yao, huanza kwa wazee na kwa mahakama za halmashauri za mtaa, zilizopewa uwezo na Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006. Mahakama hizo hazina mamlaka juu ya mauaji, lakini zina mamlaka juu ya magomvi madogo yanayoyatangulia. Shauri la mpaka linalokaa muda mrefu bila uamuzi ni hatua moja kuelekea kwenye kosa la jinai. Mtazamo huu unamweka katibu wa halmashauri ya kijiji katika orodha ya wazuia mauaji, mahali ambapo bajeti za usalama hazimweki.

5.3 Uhalifu wa silaha na dola

Aina ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa ndani yake uovu wa wazi na mstari wa kisiasa vimechanganyika. Historia ya Rwenzururu inaonyesha hivyo. Mnamo Machi 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro wakidai wilaya yao; viongozi wao Isaya Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakatiwa mbaroni. Harakati zilihamia milimani na kutangaza ufalme wake. Mwana wa Mukirania, Charles Mumbere, aliweka silaha chini mwaka 1982 kwa makubaliano na serikali. Mwaka 2009 serikali ilimtambua rasmi kuwa mfalme. Baada ya Novemba 2016 alishtakiwa kwa uhaini, ugaidi na mauaji. Juni 2023 mashtaka hayo yaliondolewa, na Oktoba mwaka huo akarejea Kasese. Katika maisha ya mtu mmoja, dola ileile imempa jina la mwasi, la mfalme, la mshtakiwa wa ugaidi, na la mfalme tena. Nadharia ya Howard Becker haihitaji mfano ulio wazi kuliko huu.

Hata hivyo nadharia hiyo ina mpaka wake. Waliouawa mwaka 2014 na 2016, wawe raia, askari polisi au walinzi wa jumba la mfalme, hawakufa kwa sababu ya majina. Na wanafunzi wa Lhubiriha waliouawa mwaka 2023, katika shambulio ambalo serikali ililihusisha na kundi la ADF, waliuawa kwa tendo ambalo ni ovu kwa kipimo chochote cha amri au dhuluma. Kundi hilo lilikwisha kushambulia Mpondwe mnamo Novemba 1996, likiwa limejumuisha mabaki ya kundi la NALU, lenye mizizi katika eneo hilohilo. Kwa shambulio la shule, maelezo ya Cohen na Felson yana nguvu zaidi: kundi lililo tayari, bweni lililo karibu na mpaka, na usiku usio na mlinzi.

Ni hapa ambapo nadharia mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Mlinzi wa kwanza wa mpaka wenye milima na misitu ni mwanakijiji anayemtambua mgeni njiani na kutoa taarifa. Mwanakijiji huyo hutoa taarifa iwapo anaamini kwamba hatageuzwa mtuhumiwa. Jamii nzima ikishabandikwa jina la uasi, kila anayekwenda kituoni anajiuliza atarudi vipi nyumbani. Kwa hiyo kubandika majina kwa jumla huharibu ulinzi ule ule ambao nadharia ya fursa inauhitaji. Sera inayowashuku Wakonzo kama kabila, hata kwa nia ya kuzuia ugaidi, inawafukuza walinzi wake wenyewe, na gharama ya kuwapoteza huonekana usiku ambao hakuna aliyepiga simu.

6.0 Maana kwa sera

Kutokana na uchambuzi huu, makala inapendekeza maswali matatu yaulizwe kabla ya nadharia yoyote kuchaguliwa.

Swali la kwanza: nani alichora mstari, na lini? Iwapo tendo ni kosa kwa sababu ya mpaka, ushuru au hifadhi, hatua ya kwanza ni kupunguza gharama ya kufuata sheria. Utaratibu uliorahisishwa wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo, na kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vinatoa nafasi ya kusogeza mstari Mpondwe badala ya kuongeza askari tu. Vivyo hivyo, asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini inayopaswa kurudi kwa jamii jirani ni chombo cha kuzuia ujangili, na ucheleweshaji wake uhesabiwe kama pengo la usalama. Tahadhari ni kwamba si kila kinachovuka mto ni maharage. Silaha na pembe za ndovu hupita njia zile zile, na ofisa wa forodha aliyepunguziwa kazi ya madebe atakuwa na muda zaidi wa kuzitafuta.

Swali la pili: mtendaji na mtendewa wana uhusiano gani? Wakiwa watu wa karibu, fedha ielekezwe kwenye usuluhishi wa mapema, mahakama za mitaa, na huduma kwa familia zenye ulevi na vipigo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inaruhusu makosa madogo kuadhibiwa bila kifungo, na inalingana na hoja ya Braithwaite kwamba mkosaji aaibishwe kisha apokewe.

Swali la tatu: nani angeweza kulizuia tendo kabla ya polisi kufika? Katika uhalifu wa silaha, swali hili huelekeza macho kwenye shule za mpakani, kwenye mawasiliano ya vijiji, na kwenye imani kati ya raia na askari. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwapokea maelfu ya waliokuwa waasi bila kutenganisha kijana aliyeandikishwa na kiongozi aliyemwandikisha. Mapokezi hayo yana msingi wa kinadharia katika kazi ya Sutherland: aliyefunzwa kundini anaweza kufunzwa upya akitolewa kundini.

7.0 Hitimisho

Nadharia za uhalifu hazishindani kama timu za mpira, hata tulazimike kushangilia moja. Kila moja ilizaliwa ikitazama matendo fulani: Beccaria alitazama ukatili wa adhabu, Shaw na McKay makosa ya vijana wa mitaani, Mushanga mauaji ya watu waliofahamiana. Kosa huingia pale jibu la swali moja linapohamishiwa swali jingine. Kasese na Bwera zinalifunua kosa hilo kwa sababu aina zote tatu za uhalifu zimekaa katika wilaya moja, na wakati mwingine katika familia moja: baba anayevusha mahindi, kaka aliye kifungoni kwa ugomvi wa shamba, na mtoto aliyelala bwenini karibu na mpaka. Watatu hao wote wamo katika takwimu za uhalifu. Sera inayowahesabu pamoja itampa baba adhabu inayomstahili gaidi, na mtoto ulinzi unaolitosha gunia la mahindi.